Barua ya wazi kwa viongozi wa Kilimanjaro: wagonjwa wa viungo nao wapewe siku yao ya kliniki

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro, Mganga Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi na waheshimiwa madiwani wa halmashauri zetu zote. Na kupitia kwenu, Wizara ya Afya na TAMISEMI.

YAH: HUDUMA KWA WENYE MARADHI YA VIUNGO

Shikamooni wakubwa wangu, na mlio rika langu habari za kazi.

Nina ombi moja, na nalitaja mwanzoni ili hata asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho aondoke nalo. Siku ya kliniki ya sukari na presha katika kila kituo cha afya mkoani mwetu iwe pia siku ya wagonjwa wa viungo. Awepo mhudumu aliyefundishwa kutofautisha kiungo kilichochakaa na kiungo kinacholiwa na ugonjwa. Awepo wa kutufundisha mazoezi. Na dawa zetu za kudumu zipatikane hapohapo, tusilazimike kuteremka mjini kila zinapokwisha. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini naomba hivyo.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Moshi mjini. Nina baridi yabisi, ile ambayo madaktari huiita rumatoidi. Kwa asiyeijua: kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo vinavimba, vinauma na kukakamaa, hasa vidole, vifundo vya mikono na nyayo, na mara nyingi pande zote mbili za mwili kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kama asilimia 70 yao ni wanawake. Haungoji mtu azeeke. Mimi ulinianza nikiwa bado nanyonyesha, na baadaye daktari alinieleza kwamba miezi ya baada ya kujifungua ni moja ya nyakati ambazo ugonjwa huu hupenda kujitokeza.

Asubuhi ndiyo saa yetu mbaya. Vidole havikunji. Kufungua chupa ya chai, kufunga vifungo vya blauzi, kukamua kitambaa cha kupangusia meza, kila kimoja kinadai muda wake. Natumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nakunja na kukunjua polepole mpaka ikubali. Mkasi wa kukatia vitenge ndio unaonitesa zaidi: tundu lake linabana kidole gumba, na nikikata sare za harusi mfululizo, kifundo kinawaka hadi usiku. Nimezungushia vipande vya sponji kwenye mpini ili mkono usikunje sana. Ndoo nabeba kwa kuikumbatia na mikono yote miwili, siiningʼinizi tena kwenye vidole. Kazi nzito nazigawa, nyingine leo, nyingine kesho, maana nikizimaliza zote Jumatatu, Jumanne yote ni ya kulala. Ikifika saa nne vidole vimelegea, napokea wateja, nacheka nao, na anayenikuta saa hiyo haamini kwamba alfajiri mwanangu ndiye aliyenifunga vifungo. Hapo ndipo penye ugumu wa ugonjwa huu, waheshimiwa. Mgonjwa wa viungo haonekani mgonjwa, na asiyeonekana hapangiwi bajeti.

Nilipoanza kuvimba, wazee nyumbani walisema sikukaa ndani vya kutosha baada ya uzazi, kwamba nilinawa maji ya baridi mapema. Siwalaumu, walisema wanachokijua. Kinachoniuma ni njia niliyopita baada ya hapo, kwa sababu ndiyo njia ya wengi. Kituo cha kwanza nilipewa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na vidonge vya kwenda navyo. Maumivu yakatulia, yakarudi. Mahali pengine nikapimwa asidi ya mkojo kwenye damu nikaambiwa niache nyama nyekundu na maharage. Mkoani kwetu wengi wenye kiungo kilichovimba huachishwa nyama nyekundu, hata kama ugonjwa wao hauhusiani kabisa na nyama. Ushauri huo una mahali pake. Mwenye jongo, ugonjwa unaoletwa na asidi hiyo ikizidi, ambaye mara nyingi kidole gumba cha mguu ndicho huvimba ghafla usiku hadi asivumilie hata shuka, anahitaji kweli kupunguza nyama, bia na mbege, pombe yetu ya ndizi, na wapo wanaohitaji alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, kwa muda mrefu. Lakini mwenye rumatoidi akiacha nyama miaka mitano, viungo vyake vitaendelea kuharibika vilevile, naye atakuwa amekosa lishe juu yake.

Mpaka nafika kwa daktari aliyenishika vidole kimoja kimoja, akavibonyeza na kuniuliza ukakamavu wa asubuhi unachukua muda gani, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshapinda. Havitanyooka tena. Uharibifu wa rumatoidi huanza mapema, na dawa zinazouzuia hufanya kazi vizuri zaidi zikianza katika miezi ya mwanzo. Swali lile la ukakamavu halikuhitaji mashine wala umeme. Ukipita nusu saa, ukafika saa nzima na zaidi, na viungo vidogo vimevimba pande zote mbili, mgonjwa huyo apewe rufaa, asipewe sindano nyingine. Hata ukaguzi mzima wa awali ni wa dakika chache: mwangalie mtu akitembea, mwambie anyanyue mikono na kufumba ngumi, akunje magoti, ainame. Mganga wa zahanati anaweza kufundishwa hayo. Na afundishwe pia kwamba kipimo cha damu pekee hakimalizi shauri, kwa sababu wapo wagonjwa wa rumatoidi ambao kipimo hakiwaonyeshi.

Kwetu huku kuna jambo lingine la kuangalia. Tunafuga ngʼombe zizini, tunakamua wenyewe, na wapo wanaokunywa maziwa bila kuyachemsha. Homa ya muda mrefu, jasho la usiku na maumivu ya viungo na mgongo vinaweza kuwa brusela, ugonjwa wa mifugo unaotibika kwa antibayotiki. Mtu wa namna hiyo akipewa diklofenaki miezi yote, amenyimwa tiba.

Nirudi kwenye dawa. Dawa kuu ya rumatoidi inaitwa methotreksati. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na si dawa ya kifahari. Inamezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na foliki asidi ya kupunguza madhara yake, na inahitaji damu na ini vipimwe mara kwa mara. Mjamzito haruhusiwi, na pombe haifai nayo. Sasa fikirini bahasha ya dawa inavyoandikwa dirishani kwetu: 1x1, 1x2, 1x3. Mhudumu aliyezoea hivyo akiandika 1x1 kwenye bahasha ya methotreksati, mgonjwa atameza kila siku, na dawa hiyo ikimezwa kila siku inaleta vidonda vya kinywa, inaangusha chembe za damu, inaweza kuua. Bahasha yangu imeandikwa neno JUMAMOSI kwa herufi kubwa. Nesi mmoja mwenye huruma ndiye aliyeniandikia hivyo mara ya kwanza, na nimeshika mtindo huo tangu hapo. Utaratibu huo ungeagizwa kwa mkoa mzima kwa waraka wa ukurasa mmoja.

Mimi nakaa mjini, hospitali kubwa ziko karibu. Nina wenzangu tuliofahamiana kwenye benchi la kusubiri daktari. Mmoja anatoka Usangi, mwingine Tarakea, mwingine Same, ambako hadi Moshi ni kama kilomita 100. Wanaamka usiku, na mwili ambao asubuhi haukunjiki unapandishwa kwenye gari kabla jua halijachomoza, konda anahimiza, ngazi iko juu, na hakuna wa kumpa mtu mkono. Wanafika, wanapimwa, wanaandikiwa dawa ileile ya mara iliyopita. Ikitokea nauli haipo, dawa inakatika. Ikikatika wiki kadhaa, uvimbe unarudi. Bohari ya Dawa ina kanda yake hapahapa Moshi. Naomba mkae nao, na mkae na wafamasia wa wilaya, ili mgonjwa aliyeshathibitishwa na bingwa aweze kuchukua dawa na kupima damu kituo cha afya cha kwao, kisha aje mjini mara chache kwa bingwa. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache mno nchini. Muda wao utumike kwa wagonjwa wapya na waliozidiwa.

Nimeandika sana juu ya ugonjwa wangu. Ugonjwa wa wengi zaidi ni ule wa viungo kuchakaa, wa magoti, nyonga, mgongo na vidole. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019, wenye ugonjwa huo duniani ni watu milioni 528, na goti ndilo linaloongoza, watu milioni 365. Asilimia 60 ni wanawake. Nikisoma takwimu hizo namwona mama mkwe wangu, Kibosho.

Kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kiko kwenye mteremko. Maisha yake yote amepanda na kushuka na mzigo wa majani ya ngʼombe kichwani, mkungu wa ndizi, ndoo ya maji, kuni. Magoti yalipoanza kugoma aliambiwa ni uzee, mafuta ya magoti yameisha, akanunue dawa ya maumivu. Akanunua, na akaendelea kununua duka la dawa barabarani, ingawa ana presha. Hakuna aliyemuuliza kama ana presha. Dawa za jamii ya diklofenaki zikitumiwa mfululizo huchubua tumbo hadi kutoa damu, huumiza figo na kupandisha presha, na anayezitumia zaidi ndiye huyo huyo mzee mwenye presha. Siombi maduka ya dawa muhimu yafungwe, kijijini ndiyo msaada wetu. Naomba wauzaji waelekezwe kuuliza maswali mawili kabla ya kumkabidhi mzee vidonge: una presha, figo au vidonda vya tumbo? Umevitumia kwa muda gani? Na kuna unga wa mitishamba unaouzwa minadani unaoondoa maumivu usiku mmoja. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe. Jirani yangu aliutumia, uso ukamjaa, sukari ikapanda, na alipouacha ghafla nusura tumzike. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ichukue sampuli minadani kwetu, ipime, itangaze.

Aliyemsaidia mama mkwe ni mtaalamu wa fiziotherapia, tuliyempata mjini baada ya kuuliza sana. Alimkalisha kwenye kiti, akamwambia anyooshe goti moja, alibane, ahesabu hadi kumi, ashushe, mguu wa pili. Kisha kusimama na kukaa polepole bila kujisukuma kwa mikono, mara chache asubuhi, mara chache jioni, akiongeza kadiri paja linavyopata nguvu, kwa sababu msuli wa paja ndio unaolipunguzia goti mzigo. Akamwonyesha na fimbo. Mama alikuwa anaishika mkono wa upande wa goti bovu, kama wanavyofanya wazee karibu wote ninaowaona njiani. Fimbo inatakiwa mkono wa upande mzima, isogee mbele pamoja na mguu unaouma. Akamweleza pia habari ya uzito: kila kilo moja mtu anayopungua, goti linapunguziwa kama kilo nne katika kila hatua. Hakuna kidonge katika yote hayo. Magoti bado yanamuuma, hasa mwezi wa saba baridi ikishuka kutoka mlimani, lakini anafika kanisani, anafika chooni peke yake, na vidonge anameza siku mbaya tu.

Waheshimiwa, ni vigumu kulipokea hili. Mkoa huu ndio wenye shule ya fiziotherapia pale KCMC, hospitali yetu kubwa ya rufaa hapa Moshi. Hapohapo KCMC kuna TATCOT, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kutegemeza viungo, na wanafunzi wake hutoka hadi nchi nyingine za Afrika. Watafiti wa chuo kikuu cha tiba cha KCMC, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow cha Uskochi, wameingia hadi vijijini wilayani Hai kuchunguza ukubwa wa tatizo hili la viungo na gharama zake kwa kaya. Ujuzi tunao mlangoni. Lakini bibi wa Kibosho, Mamba au Machame anaweza kumaliza maisha yake hajaonana na mtaalamu wa mazoezi hata mara moja. Wanafunzi wanaohitimu waajiriwe kwenye vituo vya afya. Wakiwa hawatoshi, mmoja azunguke vituo kadhaa kwa ratiba inayojulikana. Na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba, wafundishwe yale mazoezi ya kiti na ile habari ya fimbo. Jumuiya za makanisa, vikundi vya akina mama na misikiti vitawapokea. Watu wasioweza kupiga magoti wala kusujudu wamejaa humo.

Majengo nayo. Zahanati na vituo vingi vina vyoo vya kuchuchumaa pekee. Mwenye goti au nyonga mbovu akichuchumaa, atanyanyuliwa na nani? Nimeona wanawake wakijizuia kunywa maji tangu jana yake kwa sababu wanakwenda kliniki. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Choo kimoja cha kukaa chenye chuma cha kushika ukutani kwa kila kituo, na chuma kama hicho kwenye ngazi za mlangoni. Fundi wa mtaani anaweza kukifunga kwa siku moja. Kiti chenye mgongo kwa anayesubiri dawa, maana dirisha la wazee linakosa maana kama mzee anasimama mbele yake.

Kuna suala la riziki pia. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Mtu ambaye vidole vyake vimepinda visinyooke tena, au ambaye nyonga imegoma kabisa, anapaswa kutathminiwa na kuhesabiwa humo. Natoa mfano wa kazi yangu. Cherehani ya kukanyaga inamaliza magoti na vifundo vya miguu. Ikifungwa mota, mguu unapumzika na mtu anaendelea kulisha watoto wake. Mama muuza mchicha sokoni Mbuyuni akipata meza ya kusimamia na stuli ya kukalia, haketi tena chini kwenye gunia kutwa nzima. Ni mikopo midogo, na inamzuia mtu asiwe mzigo kwa familia.

Kuhusu bima nitasema kwa kifupi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wizara inapopanga kitita cha mafao, naomba methotreksati, vipimo vyake vya damu na fiziotherapia ya kituo cha afya viwemo katika kitita cha mwananchi wa kawaida. Bima inayolipia sindano za maumivu na kuacha dawa inayozuia ulemavu itakuja kulipa mara mbili.

Wakurugenzi wetu, najua mambo haya hayaanzi bila kuandikwa. Kila halmashauri ina Mpango Kabambe wa Afya, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Naomba katika mpango ujao kiwemo kifungu chenye jina letu: mafunzo kwa waganga wa zahanati na vituo vya afya, siku ya kliniki, mtaalamu wa mazoezi wa kuzunguka, na vyoo. Kama fedha hazitoshi kwa wilaya nzima, anzeni na vituo viwili vya milimani na kimoja cha tambarare, mhesabu wangapi wamekuja na wangapi wamepewa rufaa mapema, kisha mpanue. Tarehe 12 Oktoba ni siku ya kimataifa ya magonjwa ya viungo, na Novemba nchi yetu huwa na wiki ya magonjwa yasiyoambukiza. Siku hizo mnapopima watu presha na sukari viwanjani, wekeni na meza ya viungo.

Mimi na wenzangu wa lile benchi tuko tayari kufika mbele ya kamati ya huduma za jamii ya halmashauri yoyote mkoani kueleza haya kwa midomo yetu na kujibu maswali. Tunaomba tu kikao kipangwe saa tano, au baadaye, na kiwe ghorofa ya chini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani,
Majengo, Moshi